Kupona kwa Mzee Kondo Kunasubiri Idhini

Je, mwenzangu, umewahi kumwona mtu aliyepona sawasawa, anatembea, anacheka, anakula na kuomba aongezewe, halafu akazuiwa kutoka hospitali kwa sababu kupona kwake hakujaidhinishwa? Kama hujamwona, basi hujafika katika nchi ya akina Bi Somoe.

Nchi yenyewe ina jina, tena jina zuri la kuimbika. Lakini siku lilipokuwa likinakiliwa kutoka rafu ya Bunge kwenda rafu ya Ramani, jina hilo lilirudi kwenye hali ya kusubiri, na mpaka leo kwenye ramani pale pameachwa peupe. Wenyewe wanaiita Nchi tu, na hawana neno. Wakikutana asubuhi hawaulizani habari za kuamka. Mmoja husema, "Hali?" Mwenzake hujibu, "Inasubiri." Wakishapeana mikono, kila mtu hushika njia yake, huyu sokoni, yule kisimani.

Katika Nchi hiyo nyaraka zote, za kuzaliwa, za kuolewa, za kuugua na za kufa, zinakaa mahali pamoja panapoitwa Maktaba ya Pamoja. Usidhani ni nyumba yenye vitabu na vumbi. Ni mitambo tu, iko ndani ya kompyuta, na kila ofisi ina rafu yake humo ndani. Waraka ulioidhinishwa una alama ya kijani. Unaosubiri una alama ya manjano. Uliokataliwa una alama nyekundu, ila hiyo nyekundu ina habari yake, nitaifikia.

Sasa Bi Somoe na mumewe, Mzee Kondo fundi wa kusuka vitanda vya kamba, walikuwa wakila sinia moja tangu walipooana. Sinia lenyewe lilikuwa jeupe, na maua mekundu katikati yaliyofifia kwa kusuguliwa na majivu, na ukingo wake umebanduka rangi upande mmoja. Upande huo uliobanduka ndio ulikuwa wa Mzee Kondo. Bi Somoe akipakua wali wa nazi huurundika katikati, mchuzi akaumwagia pembeni usije ukalowesha wote, kachumbari akaiweka kwenye kibakuli chake, na kichwa cha samaki akakielekeza kwa mumewe. Mzee Kondo hukitazama kile kichwa kama mtu asiyekitaka, akakisukuma kidogo upande wa mkewe. Mkewe hukirudisha. Huyu anasukuma, huyu anarudisha, na mwisho wa yote kichwa hukila Mzee Kondo mpaka macho, maana alikuwa akikitaka tangu mwanzo na wote wawili wanajua.

Hiyo ndiyo ilikuwa ndoa yao. Sina zaidi la kukueleza kuihusu.

Mzee Kondo alipopata homa ya mapafu akalazwa Hospitali ya Wilaya, kitanda cha chuma kando ya dirisha. Ndugu wa wagonjwa hawakuruhusiwa kuingia wodini, walipitisha chakula dirishani, tena kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana. Sinia lilikatazwa. Tangazo ukutani lilisema chombo cha wazi kinaweza kuingiza mboga ambayo haijaidhinishwa. Basi Bi Somoe akaazima hotpoti kwa jirani, akawa anapika, anajaza, anabeba, anamwangalia mumewe anavyokula kule ndani, naye amesimama huku nje juani na kanga kichwani.

"Chakula cha hotpoti," Mzee Kondo alikuwa akilalamika, "kinanifanya nijione kama niko safarini."

"Si uko safarini? Ukirudi utakula kwenye sinia lako."

Na kweli, dawa zilimkubali. Daktari Mwelu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole, alimpima kifua, akamgonga mgongo, akamwambia avute pumzi, aachie, avute tena. Akacheka. "Mzee umepona wewe. Nenda ukawasumbue wa nyumbani." Palepale akaandika Hati ya Kupona, akaituma wizarani, na wizara, kwa haraka ambayo iliishangaza hata yenyewe, ikaidhinisha. Kijani! Kisha hati ikanakiliwa kutoka rafu ya Wizara kwenda rafu ya Lango la Hospitali, ili mlinzi aione na kufungua geti.

Kesho yake asubuhi Bi Somoe alikwenda sokoni mapema, akachagua samaki, changu mwenye macho maangavu, akamkaanga, akamtia kwenye mchuzi wa ukwaju. Akapakua kwenye sinia, akafunika kwa kawa, akaliacha mezani, akaenda getini kumpokea mtu wake.

*

Mlinzi wa geti aliitwa Afande Ndomba, mtu mnene mwenye adabu, mbele yake ana skrini, na juu ya skrini amefunika kitambaa cha kufuma kisimwagikiwe na chai.

"Shikamoo mzee," alisema Ndomba.

"Marahaba, afande. Naenda zangu nyumbani."

"Kwa hali gani?"

"Kwa hali ya uzima, mwanangu. Nimepona."

Ndomba akafunua kitambaa, akainama, akaangalia. "Mimi hapa naona manjano. Kupona kwako kunasubiri idhini."

"Kumeidhinishwa jana. Daktari kanionyesha mwenyewe."

"Kule wizarani, ndiyo. Hii hapa ni nakala. Nakala ikifika rafu mpya inaanza upya."

"Afande, usiitazame hiyo. Nitazame mimi." Mzee Kondo akanyoosha mikono, akaruka kidogo, akachuchumaa akainuka bila kushika kitu. Wagonjwa waliokuwa varandani wakampigia makofi.

Ndomba alimtazama kwa huruma kubwa. "Mzee wangu, mimi nikianza kutazama watu, skrini itatazamwa na nani?"

Bi Somoe alikuwa upande wa pili wa geti, ameshika vyuma. "Afande, shikamoo yako nimeiitikia siku zote. Leo nisikilize."

"Unataka nini, bibi?"

"Nataka—"

"Najua. Unataka hali. Hali haiko hapa, hapa kuna geti tu. Nenda Maktaba."

Mzee Kondo akarudishwa kitandani kwa heshima, ameshikwa mkono kama mgonjwa. Bi Somoe aliporudi nyumbani akafunua kawa, akala upande wake wa sinia mpaka kwenye ule mstari wa katikati anaoujua mwenyewe. Upande wa ukingo uliobanduka hakuugusa. Kichwa cha changu kilibaki kimekodoa macho.

*

Wapo wanaodhani sheria hiyo ilitungwa kwa ukorofi. Hapana, ilitungwa kwa aibu. Zamani, katika Nchi hiyo, nakala ilikuwa ikihama na idhini yake, kama konokono na nyumba yake. Sasa kulikuwa na waziri mmoja aliyepewa hotuba ya rambirambi, imeidhinishwa na wakubwa wote, kijani kibichi. Karani wake akainakili kwenye rafu ya Sherehe, akikusudia kubadilisha maneno kwa ajili ya harusi ya binti wa mkuu. Karani akaitwa chai. Waziri akafungua rafu, akaona kijani, na mtu akishaona kijani asome ndani ili iweje? Akasimama ukumbini mbele ya bibi harusi, akatoa miwani, akawaambia wazazi wa pande zote mbili wajipe moyo, kwani aliyetutoka ametangulia tu na sote njia yetu ni hiyo.

Bibi harusi alizimia. Bwana harusi, ambaye ni mtu mtiifu kwa serikali, aliondoka ukumbini akaenda kuulizia sanda.

Kesho yake ikatoka amri: kuanzia leo, nakala yoyote, ya kitu chochote, ikihamia rafu nyingine inapoteza idhini na kusubiri upya. Watu walishangilia amri hiyo barabarani. Kila mmoja alikuwa akiifikiria hotuba ya mwenzake, hakuna aliyefikiria hati yake mwenyewe.

*

Maktabani Bi Somoe alipokelewa na Bwana Lutengano, Msimamizi Mkuu wa Hali za Nakala, mtu wa suti ya kijivu na kalamu mfukoni ambayo hakuna aliyewahi kumwona akiandikia. Alimkaribisha kiti, akasimama yeye, kwa sababu hotuba zake hazitoki akiwa ameketi.

"Mama, nakala ni mtoto mchanga. Baba yake anaweza kuwa shehe, lakini yeye hazaliwi shehe! Lazima aende chuoni, akalie, afundishwe, apimwe. Taifa linalokubali nakala zizaliwe na idhini mkononi ni taifa la watoto wenye ndevu. Unanielewa?"

"Nakuelewa, baba. Lakini karatasi si ni ileile?"

"Kwa maneno ni ileile. Kwa hali ni nyingine kabisa."

"Na mume wangu?"

"Mumeo ni yuleyule. Hati yake ndiyo mpya. Unataka nini hasa, mama?"

"Nataka mu—"

"Muidhinishe! Hongera, umesema vema. Panda ghorofani kwa Mwidhinishaji."

Mwidhinishaji alikuwa Bi Adelaida, na hapa niseme haki: hapakuwa na mtumishi mwema kumshinda katika Nchi nzima. Hakumwambia mtu njoo kesho. Hakuomba chochote. Alikuwa na bakuli la pipi mezani na kengele ndogo ya shaba. Aliposikia habari za Mzee Kondo machozi yalimlengalenga.

"Maskini! Ngoja, mama yangu, jambo hili tunalimaliza sasa hivi. Mimi siruhusiwi kuidhinisha kitu kilicho kwenye rafu ya mwenzangu. Kwa hiyo nainakili ile ya Lango, naileta kwenye rafu yangu... hii hapa, imekuja, manjano. Naifungua. Naisoma. Kapona kweli! Naiidhinisha."

Akabonyeza. Kijani. Akagonga kengele, na makarani wa vyumba vyote wakatoka kupiga makofi, maana ndiyo desturi ya ofisi ile. Bi Somoe akambusu mikono. Karani mmoja akampa pipi mbili, moja ya mzee.

"Sasa nainakili nairudisha langoni," alisema Bi Adelaida, "nawe kimbia kamchukue."

Bi Somoe hakukimbia, magoti yake hayakimbii, lakini alikwenda. Alipofika getini Ndomba alifunua kitambaa chake taratibu.

"Manjano, bibi."

"Haiwezekani! Kaidhinisha nikiona kwa macho yangu. Wamegonga kengele!"

"Kaidhinisha ya kwenye rafu yake. Hii aliyoirudisha ni nakala ya ile. Imefika sasa hivi." Akainama tena, akaiangalia vizuri, apate cha kumfariji. "Ila hii ni manjano mpya. Ile ya jana ilikuwa imeshachakaa."

Bi Somoe akarudi ghorofani. Bi Adelaida akashangaa kwa dhati, kama anavyoshangaa kila mara, akanakili, akaidhinisha, akagonga kengele, wakapiga makofi, akarudisha. Manjano. Bi Somoe akarudi tena. Ikawa ndiyo kazi yake: asubuhi kupika, mchana dirishani, halafu ghorofani kwenye makofi, jioni getini. Makarani walimzoea, wakamtengea kikombe chake cha chai. Kwenye rafu ya Bi Adelaida kupona kwa Mzee Kondo kukarundikana, kijani juu ya kijani, mpaka ikasemwa kuwa kwa mujibu wa kumbukumbu hakuna binadamu aliyewahi kupona kama yeye, na Bi Adelaida akapewa ngao ya mtumishi bora.

Siku moja Bi Somoe amekaa getini, likaja gari la vioo vyeusi. Akatoka hospitali kijana mmoja wa ukoo wa wakubwa, mguu umefungwa bandeji, anachechemea, uso umesawijika. Hakuwa amepona hata robo. Ndomba akafunua kitambaa, akapiga saluti, geti likafunguka.

"Afande, huyu yake ya kijani kaipata wapi?"

Ndomba akatazama huku na huku. "Ya kwake haikunakiliwa. Imehamishwa."

"Kuhamishwa ndiyo nini?"

"Unachukua ileile yenyewe, unaitoa kule, unaileta huku. Haizaliwi upya, basi inakuja na kijani chake."

Bi Somoe hakungoja asikie zaidi. Alipofika Maktabani na kulitaja neno hilo, karani mmoja aliangusha kikombe. Bwana Lutengano akafunga dirisha kabla ya kusema.

"Mama, nani kakufundisha lugha hiyo? Kuhamisha kunaacha pengo. Kuna mtu tulimhamishia hati ya nyumba yake. Wizara kufungua rafu, hapana kitu. Mahali pasipo na kitu pana nafasi, na nafasi hugawiwa. Leo nyumba yake anayo mtu mwingine, naye anaishi kwa shemeji. Unataka mumeo aache pengo?"

"Nataka—"

"Hutaki. Na kuhamisha kuna watu wake. Wale hata wakiacha pengo, pengo lenyewe linawasubiri."

*

Mzee Kondo mwanzoni hakuudhika sana. Fundi hakosi la kufanya. Alizikaza springi za vitanda vyote vya wodi, akasuka upya kiti cha muuguzi kwa kamba za dripu kuukuu, akawafundisha waliolala sakafuni namna ya kukunja mkeka usiwachome mbavu. Maana waliolala sakafuni walikuwa wengi, wagonjwa wa kweli, na yeye mzima amelalia kitanda. Aliwapa kitanda chake, muuguzi akamrudisha. Kitanda kilikuwa na jina lake, na kumhamishia mtu mwingine jina hilo, unajua tena.

"Leo umepika nini?" alikuwa akiuliza dirishani.

"Changu."

"Na kichwa? Mbona humu sikioni?"

"Kiko nyumbani kwenye sinia, upande wako. Kinakungoja."

"Kila siku unakiacha?"

"Kila siku."

"Halafu?"

"Halafu kinaliwa na paka wa jirani. Kanenepa huyo, hata ukutani hapandi tena."

Mzee Kondo akacheka mpaka akakohoa. Kikohozi kile hakikukaa kama cheko. Kilikwenda ndani, kikatafuta mahali, kikapapata. Kitanda cha pili yake alikuwa amelala mtu wa kifua, na upande wa pili sakafuni mwingine, na pumzi za wodi ile zilikuwa za wote kwa pamoja.

Daktari Mwelu alipomgonga mgongo safari hii hakucheka. Akaenda mwenyewe chumba cha dawa. Sasa chumba cha dawa, tofauti na geti, hakitumii nakala, kinasoma rafu ya Wizara moja kwa moja. Mtoa dawa akatazama skrini.

"Kondo, fundi vitanda? Huyu kapona, daktari. Kijani hii hapa."

"Alipona. Sasa anaumwa tena."

"Aliyepona hapewi dawa. Ningekupa kwa moyo mmoja, lakini kabati halifunguki nikiandika jina lake."

Daktari akaandika Hati ya Kuugua. Mitambo ikajibu kwamba mtu huyo ana kupona kulikoidhinishwa, na hati mbili za mtu mmoja haziruhusiwi kupingana. Akaomba kupona kufutwe. Wizara, kwa haraka ileile ya kushangaza, ikakubali kukufuta, ikaidhinisha ufutaji kwenye rafu ya kufutia, na ufutaji ukanakiliwa kwenda rafu ya Wizara, iliko hati yenyewe. Ukafika manjano, na kijani cha kupona kikabaki palepale.

Kwa hiyo langoni Mzee Kondo alikuwa hajapona na hawezi kutoka. Kwenye dawa alikuwa amepona na hawezi kutibiwa. Daktari Mwelu akawa ananunua vidonge nje kwa pesa zake mwenyewe, anavificha mfukoni, na vidonge hivyo vilisaidia kama mwavuli unavyosaidia mafuriko. Bi Somoe akampelekea supu ya kongoro, akampelekea tangawizi, akampelekea asali. Hotpoti ilianza kurudi nusu. Kisha ikawa inarudi kama ilivyokwenda, nzito, na moto wake bado umo.

"Kula kidogo, mzee wangu."

"Siwezi kwenye hii." Alikuwa ameegemea vyuma vya dirisha, mkono wake umekuwa mwepesi. "Somoe, unajua kile kichwa cha samaki..."

"Najua."

"Nilikuwa nakisukuma tu."

"Najua, mume wangu. Vuta shuka, kuna upepo."

Jioni hiyo alikwenda ghorofani mara ya mwisho. Bi Adelaida akanakili, akaidhinisha, akanyanyua kengele. Bi Somoe akamshika mkono. "Leo usigonge, mwanangu," alisema.

*

Ikafika Siku ya Idhini, sikukuu kubwa kuliko zote katika Nchi. Mwaka huo ilipangwa kuadhimishwa hospitalini, na Waziri wa Nakala na Ustawi angekuja mwenyewe na wapiga picha. Bwana Lutengano alikuja mpaka nyumbani kwa Bi Somoe kumpa habari njema: ameteuliwa Mwananchi wa Mfano, kwa uvumilivu. Siku hiyo ataruhusiwa kuingia wodini, akae kando ya mumewe, apige picha.

"Na uje na lile sinia unalolitajataja, lenye chakula. Waziri anapenda utamaduni."

Bi Somoe alimtazama. "Sinia mmelikataza."

"Limeidhinishwa kwa asubuhi moja."

Kulipopambazuka alikuna nazi mbili, akakamua tui la kwanza akalitenga na la pili, akapika wali ukaiva chembe chembe. Changu alimchagua mwenyewe. Alisugua sinia kwa majivu na limau mpaka maua mekundu yakaonekana kidogo, akapakua, akageuza kichwa upande wa ukingo uliobanduka, akafunika kwa kawa. Akavaa kanga zake za doti mpya ambazo alikuwa ameziweka kwa siku ambayo mumewe angetoka. Akajitwisha sinia, akaenda. Ndomba akafungua geti bila kutazama skrini, na akamwamkia, akainamisha kichwa zaidi ya kawaida.

Daktari Mwelu alikuwa mlangoni pa wodi. Alimwangalia tu, akalishika sinia kwa upande mmoja asije akaliangusha.

Mzee Kondo alikuwa amelala kitandani kwake kando ya dirisha, shuka jeupe limevutwa mpaka juu. Alikuwa ameondoka alfajiri. Daktari alikuwa ameandika Hati ya Kifo na mitambo ikaikataa, ikasema aliyepona hafi bila kuugua kwanza, na kuugua kwake kunasubiri. Bila hati ile chumba cha maiti hakimpokei, na geti halimtoi. Akaachwa palepale.

Bi Somoe akaweka sinia kwenye stuli. Akakaa. Akalikunjua shuka kidogo tu, akamwona, akalirudisha. Kisha akaweka mkono juu ya shuka, pale kifuani, kama anapima homa.

Nje kipaza sauti kilikuwa kinavuma. "Ndugu wananchi!" Waziri alikuwa anasema. "Mwaka huu nina furaha kuwatangazia kwamba katika Maktaba nzima ya Pamoja hakuna waraka hata mmoja mwekundu! Tumeifuta nyekundu! Hakuna mwananchi hata mmoja aliyekataliwa! Wote, nasema wote, wanasubiri!"

Makofi yakapigwa mpaka njiwa wa paa la hospitali wakaruka. Halafu msafara ukaingia wodini, Waziri mbele, Bwana Lutengano nyuma yake, Bi Adelaida na ngao yake, wapiga picha wanarudi kinyumenyume wanajikwaa kwa wagonjwa wa sakafuni. Kando ya kila kitanda palikuwa pamewekwa skrini ya siku moja, inayosoma rafu ya Wizara, ipendeze kwenye picha. Ya Mzee Kondo iling'aa kijani.

"Huyu ndiye?" aliuliza Waziri.

"Ndiye, Mheshimiwa. Amepona kuliko wote."

"Hongera sana, mzee wangu!" Waziri akapigapiga mguu uliokuwa chini ya shuka. Akangoja. Akamgeukia Lutengano. "Mbona haitikii?"

Bwana Lutengano alitazama shuka, akatazama skrini, akatazama tena shuka. "Amepumzika, Mheshimiwa," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, haikuwa ya hotuba.

"Vizuri. Usingizi ni afya. Na mama ndiye mwenye shukrani?"

Shukrani zilikuwa zimeandikwa na kuidhinishwa tangu juma lililopita. Lakini karatasi aliyopewa Bi Somoe ilikuwa nakala, na Bi Adelaida, aliyekuwa amesimama karibu, akaiona alama yake ya manjano, akaichukua taratibu mikononi mwake. Alikuwa analia. Hapakuwa na kitu cha kusoma. Kipaza sauti kikasogezwa mdomoni pa Bi Somoe.

"Basi sema tu, mama," Waziri alisema, kwa kukosa jingine. "Unataka nini?"

Safari hii hakuna aliyemjibia. Nchi nzima, iliyozoea kusubiri, ikasubiri.

Bi Somoe alifunua kawa. Mvuke wa nazi ukapanda. Aliligeuza sinia pale kwenye stuli, polepole, mchuzi usimwagike, mpaka ukingo uliobanduka ukaelekea kitandani na kichwa cha changu kikaelekea kwa mwenyewe.

"Nilitaka aje nyumbani, tule."